Pale Matawi Yanapoachana

Agosti 2022 mwanamke mmoja alifariki hospitalini Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na vipimo vikaonyesha Ebola. Mlipuko mkubwa wa Kivu Kaskazini ulikuwa umetangazwa kwisha tangu Juni 25, 2020, na miwili midogo ilikuwa imeshapita baada yake. Maswali mawili hayakuweza kungoja: nani alikaribiana na marehemu, na kirusi hiki kimetoka wapi. La kwanza liliulizwa kwa ndugu, majirani na wauguzi. La pili halina wa kulijibu ila kirusi chenyewe. Wanasayansi wa INRB, taasisi ya kitaifa ya utafiti wa tiba na biolojia inayoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, waliisoma jenomu yake na kukuta kuwa ni mzao wa mlipuko wa 2018 hadi 2020. Hakikutoka porini upya.

Jibu la namna hii hupatikana kwa kutazama mti wa matawi unaoonyesha ukoo wa kirusi. Na mti wa Kivu Kaskazini una jambo linalowagusa hata watu wasiowahi kushika kichupa cha sampuli. Matokeo na msimbo wa kompyuta uliouchora viliwekwa wazi kwenye GitHub, katika hifadhi ya INRB iitwayo ebola-nord-kivu. Nextstrain, mradi unaoendeshwa na watafiti wa Seattle na Basel, husoma hifadhi kama hiyo na kumchorea mti yeyote mwenye kivinjari. Kwa hiyo mti wa kirusi ulikaa ndani ya mti mwingine, ule wa Git, na miti hii miwili husomwa kwa namna zinazokaribiana kiasi cha kupotosha.

Tuanze na Git, programu inayotunza historia ya mafaili, maana ndiyo rahisi. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, watengenezaji wa Linux walipopoteza ruhusa ya kutumia bure mfumo wao wa awali. Kila mtu anapohifadhi kazi yake, Git huandika hatua moja: hali ya mafaili yote kwa wakati ule, jina la aliyehifadhi, tarehe na saa, pamoja na alama ya hatua iliyotangulia. Alama hiyo ni mfuatano wa herufi na tarakimu 40 unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Ukichezea hatua ya zamani, alama yake hubadilika, na za wazao wake wote pia. Ukoo hauwezi kughushiwa kimyakimya.

Tawi nalo ni kitu kidogo mno. Wanaoanza hudhani ni nakala nzima ya mradi, ndiyo maana huogopa kulifungua. Kwa kawaida ni faili dogo lenye ile alama ya herufi na tarakimu 40 ya hatua ya mwisho, basi. Hatua mpya ikiongezwa, alama iliyomo hubadilishwa. Unaweza kufungua matawi mia kabla ya chai na kompyuta isihisi.

Ukiandika `git branch`, unapata majina ya matawi yaliyo kwenye mashine yako, na nyota mbele ya lile unalolifanyia kazi. Ukiongeza `-v`, kila jina linakuja na hatua yake ya mwisho. `-r` huleta matawi ya upande wa seva, `-a` huleta yote, na `--no-merged` huleta yale tu ambayo kazi yake haijaunganishwa na tawi ulilopo. Hapo wengi huridhika. Lakini orodha ya majina na ncha ni kama orodha ya wajukuu iliyosomwa matangani bila kusema nani kamzaa nani: utajua waliopo, hutajua undugu wao. Undugu uko kwenye fundo, pale matawi mawili yalipoachana. Git ina amri ya kulitafuta, `git merge-base`, na nyingine ya kuchora mti mzima kwa nyota na mistari, `git log --graph --oneline --all`. Mwenye kazi ya watu wengi atazame mchoro huo kabla ya kuamini orodha.

Kuna mtego mwingine. Matawi ya `-r` si hali ya seva ya sasa hivi. Ni kumbukumbu ya mara ya mwisho mashine yako ilipozungumza na seva. Mpaka uandike `git fetch`, tawi lililofunguliwa jana huko Kinshasa halipo machoni pako, na lililofutwa juzi bado linaonekana hai mpaka uongeze `--prune`. Kwa mtu wa Butembo, mji jirani wa Beni, ambako mtandao huja na kuondoka, hii ni faida na hasara kwa pamoja. Faida ni kwamba nakala yake ina historia yote na anaweza kufanya kazi siku nzima bila intaneti. Hasara ni kwamba anaweza kuamua jambo kwa orodha ya wiki iliyopita.

Sasa kirusi. Hiki hakiandiki mzazi wake popote. Kina herufi takriban 19,000 za RNA, na kila kinaponakiliwa hukosea hapa na pale. Makosa yanayodumu huongezeka polepole, moja au mawili kwa mwezi. Sampuli mbili zenye makosa yaleyale zimetoka tawi moja. Yenye kosa la ziada imetokea baadaye, au pembeni. Kutokana na hayo kompyuta hukadiria mafundo: hapa sampuli hizi zilikuwa na babu mmoja, na babu huyo aliishi yapata mwezi fulani. Katika Git fundo limeandikwa. Katika Ebola fundo ni hoja inayojengwa kwa ushahidi, na kila sampuli mpya inaweza kulisogeza.

Ndiyo sababu ni lazima kujua mti huo hausemi nini. Kutoka mgonjwa mmoja kwenda mwingine huchukua kama wiki mbili, muda ambao mara nyingi hautoshi kirusi kuacha kosa hata moja. Wagonjwa watatu wa familia moja wanaweza kuwa na jenomu zilezile kabisa. Mti utasema hawa ni wa tawi moja; hautasema mama alimwambukiza mtoto au mtoto alimwambukiza mama. Hilo linajulikana kwa kukaa na watu na kuwasikiliza, kazi iliyofanyika kwa shida kubwa Butembo, ambako vituo vya matibabu vilishambuliwa Februari 2019 na Dk. Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani akauawa Aprili mwaka huohuo.

Hata hivyo mti ulizungumza mapema. Mlipuko ulitangazwa Agosti 1, 2018, wiki moja tu baada ya ule wa Équateur, magharibi mwa nchi, kutangazwa kwisha Julai 24. Ilikuwa rahisi kudhani ugonjwa umesafiri. Jenomu za kwanza zilionyesha kuwa matawi ya milipuko hiyo miwili hayakuachana jana wala juzi: kirusi cha Mangina na Beni, huko Kivu Kaskazini, kiliingia kwa binadamu kwa njia yake. Baadaye, sampuli zilivyozidi, zikisomwa Kinshasa na pia Katwa, ndani ya Butembo kwenyewe, ilionekana kirusi kikienda na kurudi kati ya maeneo ya afya. Anayeijua barabara ya Beni na Butembo, kilomita zipatazo 54 zisizokosa malori na pikipiki, hatashangaa.

Mwisho wa hesabu walikuwa wagonjwa 3,470, na 2,287 kati yao walifariki. Jenomu zilizochambuliwa zilikuwa 792, karibu asilimia 24 ya maambukizi yaliyothibitishwa maabara. Ni kiwango cha kujivunia katika eneo la vita. Lakini pia maana yake ni kwamba sampuli tatu kati ya nne hazipo kwenye mti. Kuna matawi mazima ambayo hayajawahi kuletwa na hakuna amri ya kuyaleta.

Kisa kinachonifanya niuheshimu mti huu ni cha 2019. Mtu mmoja aliyekuwa amechanjwa aliugua Ebola, akatibiwa kwa kingamwili, akapona ndani ya siku 14. Miezi sita baadaye aliugua tena vibaya na akafariki. Je, aliambukizwa mara ya pili na mtu mwingine, au ugonjwa ule wa kwanza ulirudi? Orodha ya wagonjwa isingeweza kujibu. Jina lake lingeonekana mara mbili tu. Jenomu zilionyesha kuwa kirusi cha ugonjwa wa pili kilichipuka kutoka kile cha ugonjwa wake wa kwanza, si kutoka matawi yaliyokuwa yakizunguka wakati huo. Kutoka kwake ulitoka mnyororo wa wagonjwa 91 katika maeneo sita ya afya, ndani ya miezi minne.

Ikaja Februari 2021, Biena, karibu na Butembo: wagonjwa 12. Oktoba mwaka huohuo, Beni: 11. Mara zote mbili fundo liliangukia mlipuko wa 2018 hadi 2020. Kirusi kinaweza kujificha kwa muda mrefu mwilini mwa aliyepona, katika shahawa, jichoni, au kwenye mfumo wa fahamu, na kikiwa huko makosa yake huongezeka taratibu kuliko kawaida. Tawi fupi kupita kiasi kwa umri wake ni dalili ya kulala huko. Git nayo ina kitu kinachofanana kwa mbali: ukifuta tawi kwa `git branch -D`, jina huondoka kwenye orodha, lakini hatua zake hubaki diskini kwa wiki kadhaa na anayejua alama anaweza kuzirudisha. Mfano unaishia hapo, maana hatua za Git hazimwambukizi mtu.

Waliopona walizidi 1,100. Kila fundo linalorudi nyuma hadi mlipuko uliokwisha linamgusa mmoja wao, na mtaani Beni hilo si jambo la kitaalamu tu. Mtu anaweza kususiwa na majirani kwa sababu ya fundo hilo. Ndiyo maana ncha za mti ulio hadharani huonyesha tarehe na eneo la afya, bila jina. Nextstrain huruhusu pia kutazama mti kutoka tawi lolote la hifadhi ya Git, kwa kuongeza alama ya @ na jina la tawi kwenye anwani yake. Hivyo makisio ya fundo ambayo hayajahakikiwa yanaweza kukaa kwenye tawi lake, yakatazamwa na wenzako wa Goma na Kinshasa, na yasiunganishwe na tawi kuu mpaka mtu wa pili ayapitie.