Mwanafunzi wa hesabu, kisima cha mafuta na kisima cha mvuke

Huku kwetu Kericho na Bomet, kila matokeo ya KCSE yanapotoka, kuna mzazi anayeuliza kama mtoto wake hodari wa hesabu na fizikia asomee uhandisi wa mafuta. Swali hili lilipata nguvu Machi 2012, kampuni ya Tullow ilipotangaza kuwa kisima cha Ngamia-1 huko Lokichar, Turkana, kimegonga mafuta. Jibu langu si la moja kwa moja, kwa sababu kazi yenyewe haieleweki vizuri.

Wengi hudhani chini ya Lokichar kuna ziwa la mafuta linalosubiri bomba la kulifyonza. Hakuna ziwa. Mafuta yamejificha katika vitundu vidogo mno vya mchanga uliogeuka mwamba mamilioni ya miaka iliyopita. Mhandisi wa miamba hifadhi, yaani miamba inayobeba mafuta hayo, huanza na maswali mawili: mwamba huu una nafasi kiasi gani, na je, nafasi hizo zimeungana? Mvua ikinyesha shambani Litein, maji huzama upesi chini ya michai, lakini kwenye kijia kinachokanyagwa na wachumaji kila siku hutiririka juu kwa juu. Udongo ni uleule mwekundu, ila mianya yake imebanwa. Mfaransa Henry Darcy alilipima jambo hili mwaka 1856, alipokuwa akishughulikia maji ya mji wa Dijon, na kanuni aliyoipata ndiyo somo la kwanza la fani hii hadi leo.

Sasa, mwamba uliozama kilomita mbili chini ya ardhi unapimwaje? Kipo kipimo ambacho ningependa kila mwanafunzi wa fizikia akifahamu. Kisima hufunguliwa kitoe mafuta kwa muda, kisha hufungwa. Kifaa cha kupima shinikizo huwa kimeshushwa hadi chini, kikinakili shinikizo linavyopanda upya. Dakika za mwanzo hueleza hali ya mwamba ulio karibu na kisima, kama umeharibiwa na tope la uchimbaji au la. Saa zinazofuata hueleza jinsi majimaji yanavyopenya mbali zaidi. Ukisubiri vya kutosha, mchoro wa shinikizo hilo unaweza kujikunja ghafla, na mkunjo huo ni dalili ya ukuta: ufa wa ardhi au mwisho wa mwamba wenye mafuta. Yaani mtu aliyeketi na karatasi ya logi anatambua mpaka ambao hakuna jicho litakalouona. Hapo ndipo logi zile za kidato cha tatu, ambazo wanafunzi huziona mzigo, zinapopata kazi.

Mafuta ya Lokichar yana ugumu wake. Yamejaa nta, na yakipoa chini ya nyuzi 40 hivi huanza kuganda. Mwamba nao hauna msukumo wa kutosha kuyatoa wenyewe kwa miaka mingi, ndiyo maana mipango ya uzalishaji imezungumzia kusukuma maji ardhini, maji ambayo yangeletwa kutoka bwawa la Turkwel. Mwaka 2018 malori yalianza kubeba mafuta hayo hadi Mombasa kwa majaribio, na Agosti 2019 shehena ya kwanza ikasafirishwa nje. Uzalishaji mkubwa haukufuata, na mwaka 2025 Tullow ikauza mali yake ya Kenya kwa Gulf Energy. Kijana aliyeingia chuoni mwaka 2012 akitegemea Lokichar pekee alihitimu na kubaki akingoja.

Wakati huohuo, Olkaria imekuwa ikizalisha umeme wa mvuke tangu 1981. Kanuni ya Darcy inatumika huko. Kipimo cha kufunga kisima na kusoma shinikizo kinatumika huko pia. Kinachoongezeka ni joto, na maji yanayogeuka mvuke yakiwa bado ndani ya mwamba. Maji yaliyokwisha kutumika hurudishwa ardhini ili shinikizo lisishuke. Yakirudishwa karibu mno, hupoza visima vinavyozalisha. Kwa hiyo wahandisi hutia kemikali ya kufuatilia katika kisima kimoja na kusubiri kuona itatokea kisima gani, na baada ya siku ngapi. Hii ni elimu ambayo Kenya inayo mkononi. Mwaka 1979 Aisilandi ilianza kufundisha wataalamu wa jotoardhi kutoka nchi zinazoendelea, kozi ya miezi sita yenye tawi la uhandisi wa miamba hifadhi, na hakuna nchi iliyopeleka watu wengi kuliko Kenya. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi huko Nyeri kina taasisi yake ya jotoardhi. Morendat, chuo cha mafuta na gesi kilichoko Naivasha, ni kizuri pia, lakini kilianzishwa na kampuni ya mabomba ya Kenya Pipeline na nguvu yake iko katika usafirishaji wa mafuta. Mzazi asichanganye fani hizi mbili anapolipa karo.

Kwa hiyo shahada ya kwanza iwe pana: uhandisi wa mitambo au wa kemikali, au hata fizikia na hesabu, pamoja na jiolojia kidogo na uwezo wa kuandika programu za kompyuta. Ubobezi uje baadaye, kwa mafunzo ya kazini kwenye visima vya mvuke vya Olkaria au Menengai. Mtu aliyejengwa hivyo anaweza kuvuka kwenda kwenye mafuta ya Lokichar, au ya Ziwa Albert nchini Uganda, bila kuanza upya.

Nafasi za Olkaria hazimtoshi kila anayeomba. Anayekosa asidharau boila la kiwanda cha chai, liwe la Momul au la Mogogosiek. Shinikizo likiwa baa 10, maji ndani yake huchemka kwenye nyuzi 180 hivi. Majedwali ya mvuke yanayosema hivyo ndiyo yanayotumiwa kukadiria ni kina gani maji ya Olkaria yataanza kuchemka ndani ya mwamba. Aombe kufundishwa na fundi wa boila namna ya kuyasoma, na awe anaandika vipimo vyake kila zamu.