Mwaka Mpya na Deni la Neno Moja

Kila Januari mosi hutakiwa heri ya mwaka mpya na watu ambao sijawahi kuwatendea ubaya wala wema wa kutajika, nami huwajibu vivyo hivyo, kisha kila mtu akashika njia yake. Ni desturi njema, siibezi. Lakini wenzetu wa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, wana namna yao. Mwaka wao, ule wa Nairuzi, huanza mwezi wa Julai, na siku hiyo wanaume hushuka uwanjani wakapigana kwa mapande ya migomba, ili kinyongo cha mwaka mzima kimalizwe mbele ya macho ya watu. Mwaka huu nimeona nami nishuke uwanjani, ingawa anayestahili kupigwa ni mimi peke yangu.

Mnamo mwaka 1993 nilikuwa mwalimu kijana wa Kiswahili katika shule moja ya bweni huku bara. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikuwa umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na walimu wake walihitajika kwa haraka. Mimi nilikuwa mmoja wa waliohitajika. Kiswahili changu nilikipata vitabuni na redioni. Nyumbani kwetu hakikuzungumzwa ila alipokuja mgeni. Nilikipenda, hilo sina shaka nalo, lakini nilikipenda kama mtu anayeishi katika nyumba ya kupanga, akihofu kila siku kwamba mwenyewe atabisha hodi.

Na mwenyewe alikuwapo. Aliketi karibu na dirisha katika kidato cha tatu, mvulana mpole, mzaliwa wa Lamu. Sikumwogopa mkaguzi wa shule hata nusu ya nilivyomwogopa kijana huyo. Nilipoandaa somo usiku, sikujiuliza kama darasa litanielewa. Nilijiuliza kama yeye atanicheka.

Siku moja tulikuwa tukisoma utenzi wa kale wa lahaja ya Kiamu, lahaja iliyobeba tungo nyingi za zamani, Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ukiwa mmojawapo. Tukafika kwenye neno “mato”. Sikulijua. Badala ya kusema silijui, nikatangaza kwa sauti nzito kwamba mato ni mito mikubwa, tena nikaliandika ubaoni. Wanafunzi arubaini wakainama wakanakili. Juu ya ubao huohuo nilikuwa nimebandika karatasi kwa mkono wangu mwenyewe: Kuuliza si ujinga.

Kijana akainua mkono. “Samahani, mwalimu,” akasema, “kwetu mato ni macho. Jicho moja ni ito.”

Hakucheka. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba hakucheka wala hakuwa na dalili ya ufidhuli. Nilimwita mbele, nikamwuliza kama yeye ndiye mwalimu, nikamchapa viboko vinne kwa kosa nililoliita utovu wa nidhamu. Darasa likanyamaza kimya. Jioni, katika chumba cha walimu, nilimwuliza mwenzangu mmoja mtu wa Pwani maana ya neno lile, nikijifanya kwamba ni jambo la kupitisha wakati tu. Alijibu bila kuinua uso kutoka kwenye madaftari aliyokuwa akiyasahihisha: “Macho.”

Basi nililijua kosa langu siku ileile. Nilikuwa na kesho yake, na wiki iliyofuata, na mwaka mzima uliobakia wa kulisahihisha. Sikufanya hivyo. Wanafunzi wale walimaliza shule na mito yangu mikubwa madaftarini.

Kiboko kilipopigwa marufuku shuleni mwaka 2001, walikuwapo walimu waliolalamika kwamba wamevuliwa silaha. Nilikuwa miongoni mwao, nakiri. Ilinichukua miaka kadhaa kujiuliza silaha hiyo ilikuwa ya kunikinga na nani. Hata baada ya kiboko, ulimi ulibaki, na kejeli ya mwalimu mbele ya darasa huweza kumfunga mtoto mdomo kuliko fimbo. Wala jambo hili si la zama zangu tu. Shule za sekondari ya msingi zilipoanza Januari 2023, walimu wengi walijikuta wakifundisha masomo ambayo hawakuyasomea. Nimewaona vijana hao wakielekea darasani, nami naitambua ile namna ya kukaza shingo.

Mwaka huu ndio wa mwisho kwangu kabla ya kustaafu. Desemba nilipata nambari ya simu ya yule kijana kutoka kwa mwanafunzi mwenzake wa zamani. Niliiandika kwenye karatasi, nikaitia mfukoni, nikatembea nayo majuma matatu. Mtu mzima mwenye wajukuu, naogopa kupiga simu! Januari mosi, baada ya chai, nikapiga.

“Shikamoo, mwalimu,” akasema nilipojitambulisha. Nikaitikia marahaba, kisha nikamweleza yote, pamoja na lile jibu la jioni. Akanyamaza kitambo.

“Nakumbuka,” akasema. “Sikuinua mkono tena hadi nilipomaliza shule.” Hakunipunguzia neno hilo, na nilishukuru kwamba hakunipunguzia. Kisha akaniambia kwamba naye ni mwalimu sasa, huko Pwani, na kwamba muhula uliopita msichana mmoja darasani mwake alimwonyesha kosa lake katika matumizi ya kompyuta. “Nilimwambia akae chini, mwalimu. Hata sikufikiri. Nilipogeuka ubaoni nikakuona wewe.”

Tulicheka kidogo, si kicheko cha furaha. Akasema shule zikifunguliwa ataanza na msichana huyo. Nikamwuliza anataka nimfanyie nini. Akajibu kwamba yeye hanidai kitu, lakini wenzake je? Wale arubaini hawajaambiwa.

Sina nambari zao, na wengine wametangulia mbele ya haki. Ninayo nafasi hii tu gazetini. Kwa hiyo enyi mliokuwa kidato cha tatu mwaka 1993, mkaandika nilichowaambia mwandike: futeni. Mato si mito mikubwa. Ni macho, na aliyewaambia hivyo siku ile alisema kweli.