Karatasi Zilizonusurika Moto wa 1800

Tarehe 8 Novemba 1800 moto uliteketeza ofisi ya Wizara ya Vita ya Marekani, pamoja na kumbukumbu za vita vya Ohio dhidi ya makabila ya wenyeji, Wamiami na Washawnee. Zilizobaki ni barua na nakala zilizokuwa mikononi mwa watu, zikatawanyika. Sisi wakusanyaji huzitafuta hizo.

Barua ya Jenerali Anthony Wayne, mshindi wa pigano la Fallen Timbers katika vita hivyo mwaka 1794, ni ghali. Mimi napenda zaidi stakabadhi za unga na wiski: humo namwona askari wa kawaida, na njaa yake.

Ukitaka kununua, inua karatasi kwenye mwanga. Ya enzi hizo, ya matambara, mara nyingi huonyesha mistari ya chekeche la kutengenezea karatasi. Kisha uliza imetoka wapi. Iliyoibwa makavazini usinunue. Toa taarifa irudishwe.