Usizizike Mbegu za Rehani

Asumini hupandwa kwa kipande cha tawi, wala hakuna anayehangaika na mbegu yake. Rehani ina mambo yake. Hukipa kikuba harufu kali, nayo huoteshwa kwa mbegu.

Mwaka jana, hapa Amani, jirani yangu alikuwa anaozesha. Nikajitia kumwahidi rehani za kikuba cha bi harusi. Nikajaza udongo kopo la maziwa, nikafukia mbegu kina cha kidole, nikamwaga maji tele. Wiki tatu, kimya! Rehani zikanunuliwa Darajani, nami harusini nikakaa nyuma kabisa.

Bibi mmoja wa mtaani alinicheka: "Umezizika, mwanangu."

Kumbe ndivyo. Mbegu ya rehani ni nyeusi, ndogo kuliko ufuta, na ikirowa huvimba na kujivika utelezi. Akiba yake ni kidogo. Ikizama haina nguvu ya kufika juu. Basi inyunyizwe juu ya udongo laini wenye samadi iliyooza, ibonyezwe kwa kiganja, ifunikwe mchanga kiduchu tu. Kopo litobolewe chini, maji yarashiwe kwa mkono. Wakati wa masika liwekwe upenuni, maana mvua kubwa huzisomba mbegu zote. Baada ya siku tano hadi kumi huchipua. Mche ukifika shibiri ukatwe kichwa, utoe matawi. Mmoja uachwe uchanue na kukauka: ndio mbegu za mwakani.

Jirani ana binti wa pili. Makopo manne yako barazani kwangu. Mawili yamechipua jana.