KUPIMA HATARI ZA BAHARINI KWA MANTIKI FAZI

Wananchi na watumishi wa Serikali wanafahamishwa kuwa hatari ya safari ya baharini haipimwi kwa "ndiyo" na "hapana" pekee. Nahodha akisema bahari "imechafuka kidogo", kauli hiyo ni ushahidi, ingawa haina tarakimu. Mwaka 1965 Profesa Lotfi Zadeh wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alieleza njia ya kuipa tarakimu: kila kauli hupewa kiwango cha ukweli baina ya 0 na 1.

Tuseme upepo ni "mkali" kwa 0.6 na chombo "kimeelemewa" kwa 0.8. Ikiwa kanuni ni kwamba mambo hayo mawili yakikutana hatari huwa kubwa, basi huchukuliwa kiwango kilicho kidogo, yaani 0.6. Kanuni nyingi za namna hiyo huunganishwa, ndipo hukumu itolewe. Njia hii huwafaa wakaguzi wa meli na wa majukwaa ya mafuta, ambako ajali kubwa ni adimu na takwimu ni haba.

Lakini hesabu haifui dafu mbele ya idadi iliyofichwa. MV Spice Islander I, iliyozama tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ilikuwa imejaza kupita kiasi. Kwa hiyo mkaguzi aandikapo "kimejaa kiasi", na aandike pia idadi ya watu waliomo.