Kuweka Programu Mpya Bila Kupoteza Kumbukumbu za Zamani



Kamati kadhaa za sharika katika Mkoa wa Katavi zimekuwa zikituuliza swali moja: kwa nini fundi anapokuja kuweka toleo jipya la programu ya zahanati huomba kazi zisimame kwa saa kadhaa, wakati programu za simu hujiboresha zenyewe usiku mwenye simu akiwa amelala? Wahisani wetu nao wameuliza kwa nini makisio ya miradi ya kompyuta huonyesha siku za kazi za kuandaa "skripti ya usakinishaji", ilhali programu yenyewe hutolewa bure. Maswali haya mawili yana jibu moja, na tumeona ni vyema kulieleza katika toleo hili.

Kwa ufupi, kompyuta ya zahanati siyo chombo kitupu. Ndani yake zimo kumbukumbu za watu: mama aliyeanza kliniki, mtoto aliyechanjwa, mgonjwa wa kifua kikuu ambaye dozi yake huchukua miezi sita na tarehe ya kuanza haitakiwi kupotea. Kuweka programu kwenye kompyuta mpya ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kuiweka pale ambapo toleo la zamani tayari linaishi na linatumika kila siku.

MFUMO MMOJA, SEHEMU TATU

Tuchukue mfano wa Care2x, mfumo wa kumbukumbu za hospitali ambao KKKT iliufanyia marekebisho na kuutumia katika baadhi ya hospitali zake. Mhudumu wa mapokezi huona ukurasa mmoja tu kwenye skrini, lakini nyuma ya ukurasa huo kuna mambo matatu.

La kwanza ni programu yenyewe, yaani mafaili yaliyoandikwa na wataalamu. Haya yakipotea yanaweza kupatikana tena. La pili ni kumbukumbu za wagonjwa, ambazo hukaa katika hifadhidata inayoendeshwa na programu iitwayo MySQL. Hizi zikipotea hakuna duka linaloziuza. La tatu ni mipangilio ya kituo: jina la zahanati, nywila, aina ya printa, orodha ya bei. Hii hubadilishwa kidogo kidogo na watumiaji kwa miaka, na mara nyingi hakuna aliyeiandika mahali pengine.

Kisakinishi, yaani programu ndogo inayoweka programu kubwa, lazima kizitofautishe sehemu hizi tatu. Programu inabadilishwa, kumbukumbu zinalindwa, mipangilio inahifadhiwa. Kisakinishi kisichojua tofauti hiyo huweza kufuta folda nzima na kuweka mpya, kisha kikatangaza kwamba kazi imekamilika salama. Asubuhi muuguzi akifungua mfumo, unakuwa mzuri, wa kisasa na mtupu.

KWA NINI KAZI HUSIMAMISHWA

Baadhi ya programu hazina dirisha wala kitufe cha kubonyeza. Huanza zenyewe kompyuta inapowashwa na hufanya kazi kimya kimya hadi inapozimwa. Wataalamu huziita "huduma". MySQL ni huduma ya namna hiyo, na Apache, inayopeleka kurasa za Care2x kwenye kompyuta za vyumba vingine, ni nyingine. Hata kama wahudumu wote wamefunga skrini zao na kwenda nyumbani, huduma hizi bado zinaendelea.

Kila mmoja wetu anaijua mashine ya kusaga. Huwezi kubadilisha mkanda huku injini inanguruma. Ndivyo ilivyo hapa. Katika Windows, faili la programu inayoendelea kufanya kazi hufungwa, na kisakinishi hakiwezi kuliandika upya hadi huduma isimamishwe. Katika Linux faili hukubali kubadilishwa, lakini huduma huendelea kutumia lile la zamani lililokwisha kuingia kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Hivyo fundi huona toleo jipya kwenye diski, huku wagonjwa wakiandikishwa na toleo la zamani, hadi huduma itakapoanzishwa upya.

Hata kusimamisha huduma kuna utaratibu wake. Moja ya amri za Windows za kusimamisha huduma hupeleka ombi na kurudi mara moja, kabla huduma haijamaliza kuandika kazi iliyo mkononi. Skripti iliyoandikwa kwa uangalifu hungoja, huuliza tena na tena hali ya huduma, na haiendelei mpaka ijibiwe kwamba imesimama kweli. Isiposimama katika muda uliowekwa, skripti huacha kazi na kutoa taarifa badala ya kulazimisha.

Na simu je? Nayo hufanya hatua zilezile, ila hazionekani. Mfumo wa Android husimamisha programu inayoboreshwa, huthibitisha kwamba toleo jipya limetiwa saini na mtengenezaji yuleyule, hubadilisha programu na kuiacha data yake mahali pake. Kuna watu waliokaa wakaandika utaratibu huo. Kwa mifumo ya zahanati zetu, utaratibu huo lazima nao uandikwe na mtu.

KUTAMBUA KILICHOPO

Kazi ya kwanza ya kisakinishi kizuri ni kuuliza: hapa kuna nini? Majibu yanaweza kuwa manne. Huenda hakuna kitu, na hapo kinaweka upya. Huenda kuna toleo la zamani, na hapo kinaboresha. Huenda toleo lililopo ni lilelile au jipya zaidi, na hapo hakipaswi kugusa chochote. Au kuna usakinishaji ulioishia njiani, labda kwa sababu umeme ulikatika, na hapo lazima kisafishe au kikamilishe kabla ya kuendelea.

Mifumo mikubwa ya kompyuta ina njia zake za kujibu swali hili. Windows Installer huweka daftari la programu zilizopo na namba ya utambulisho ya kila moja. Ukijaribu kuweka toleo jingine la programu iliyokwishawekwa, na mtengenezaji hakuandaa njia ya kuboresha, hukataa na kutoa namba ya kosa 1638. Katika Linux ya aina ya Debian, kila furushi la programu linaweza kubeba skripti fupi zinazoendeshwa kabla na baada ya kuwekwa, na hizo ndizo husimamisha na kuanzisha huduma. Aidha, Debian ikikuta kwamba faili la mipangilio limebadilishwa na mtumiaji, na toleo jipya nalo limeleta lake, haifuti moja kwa moja. Huuliza: tubakize lako au tuweke jipya? Swali hilo moja limeokoa mipangilio mingi.

HIFADHIDATA HAIRUDI NYUMA KWA URAHISI

Toleo jipya la mfumo mara nyingi hutaka hifadhidata yenye umbo jipya, kwa mfano safu ya kuandika namba ya bima ambayo zamani haikuwapo. Hapa tunaweza kujifunza kwa majirani zetu wa Kenya. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Uzoefu huo uliingia katika OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006 na baadaye ikaenea nchi nyingi. OpenMRS huweka ndani ya hifadhidata yenyewe orodha ya mabadiliko yote yaliyokwisha kufanyika. Toleo jipya linapoanza, husoma orodha hiyo, hufanya mabadiliko yaliyobaki tu, na kila moja huandikwa likikamilika. Ni kama muhtasari wa vikao vya kamati: anayekuja leo hasomi mawazo ya watu, anasoma kilichoandikwa.

Programu ya hifadhidata nayo ina matoleo yake. Mathalani PostgreSQL, ambayo hutumiwa na DHIS2, haisomi moja kwa moja mafaili yaliyoandikwa na toleo kuu lililotangulia. Ukiweka toleo kuu jipya juu ya data ya zamani, huduma hukataa kuanza. Data haijapotea, lakini zahanati imesimama. Njia salama ni kutoa nakala ya hifadhidata kwa amri maalumu, kuweka toleo jipya, kisha kuirejesha humo, au kutumia chombo cha kuhamishia kilichoandaliwa na watengenezaji.

Tukumbuke kwamba DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioenezwa nchini kote kufikia mwaka 2013, hukaa kwenye seva kuu, na watumiaji huufikia kwa intaneti kupitia kivinjari. Usakinishaji wake si mzigo wa zahanati. Mzigo wetu ni ile mifumo inayokaa ndani ya kompyuta ya kituo chenyewe.

HATUA ZA SKRIPTI

Skripti ni orodha ya amri iliyoandikwa ndani ya faili, ambayo kompyuta huisoma na kuitekeleza kwa mpangilio uleule kila mara. Kwa mifumo tuliyoitaja, mpangilio unaofaa ni huu:

1. Kagua kilichopo: toleo, nafasi kwenye diski, na hali ya huduma.
2. Funga milango ya watumiaji, yaani simamisha Apache kwanza ili asiandikishwe mgonjwa mpya katikati ya kazi.
3. Toa nakala ya hifadhidata na ya mipangilio. Hakikisha nakala inafunguka.
4. Simamisha huduma nyingine zinazohusika na ungoje zisimame.
5. Weka mafaili mapya kando ya yale ya zamani, bila kufuta ya zamani kwanza.
6. Fanya mabadiliko ya hifadhidata yaliyobaki.
7. Anzisha huduma na upime: je, ukurasa unafunguka, na idadi ya wagonjwa ni ileile ya kabla?
8. Ikishindikana hatua yoyote, rudisha toleo la zamani pamoja na nakala yake, na uandike sababu kwenye faili la kumbukumbu.

Skripti nzuri ina sifa moja zaidi: ikiendeshwa mara mbili haileti madhara. Mara ya pili hukuta kila kitu kipo na kutoka kimya.

KWA NINI HILI NI MUHIMU KATAVI

Mkoa wetu, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ni mpana. Kutoka Mpanda mjini hadi Karema ziwani, Inyonga au Mishamo, fundi hawezi kufika kila wiki, na anayefika leo huenda asiwe yule wa mwaka jana. Maarifa yakikaa kichwani mwa fundi mmoja, yataondoka naye. Yakiandikwa katika skripti, kila kituo kitapata hatua zilezile, hata kama mwenye flashi ni mhudumu aliyepewa mafunzo ya siku mbili.

Vilevile kuna suala la umeme. Mpanda ilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na vipo vituo vya pembezoni vinavyoendeshwa kwa sola. Umeme ukikatika katika hatua ya sita, kilichobaki ni nakala ya hatua ya tatu. Ndiyo maana tunasema nakala siyo hatua ya hiari.

MASWALI KWA KAMATI NA WAHISANI

Tunaziomba kamati zisimruhusu mtu yeyote kuweka toleo jipya kabla ya kujibu maswali haya: Nakala ya kumbukumbu imewekwa wapi, na nani ameifungua kuthibitisha? Toleo jipya limejaribiwa kwenye kompyuta nyingine yenye nakala ya data yetu? Huduma zipi zitasimamishwa na kwa muda gani? Tukishindwa, tutarudi vipi tulikokuwa? Siku ya kazi wagonjwa wataandikwa kwenye daftari gani, na nani atayaingiza baadaye?

Nakala zenyewe nazo ni siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihusu taarifa za afya. Diski yenye nakala ifungwe kabatini na kuwekewa nywila, wala isitumike kubebea picha za harusi.

Kwa wahisani wetu, tunaomba jambo moja. Kompyuta mpya hupigwa picha na kuonekana katika taarifa. Diski ya nje, betri ya kuhimili umeme ukikatika, kompyuta moja ya majaribio na siku chache za mtu wa kuandika na kujaribu skripti havipigwi picha. Lakini hivyo ndivyo vinavyoamua kama baada ya miaka mitano mgonjwa wa Mishamo atakuta historia yake ipo, au ataanza upya kujieleza. Tunawaomba mvipe nafasi katika makisio yajayo.

Kamati ambazo zina mfumo wowote wa kompyuta katika kituo chao zinakaribishwa kuwasiliana na ofisi ya miradi kabla ya kuweka toleo jipya, ili tuandae pamoja.