Wanaowinda Ndio Wanaolipa

Hapa Kenya kuwinda kulipigwa marufuku mwaka 1977. Ukisikia kwamba huko Marekani kuna ardhi ya umma ambamo raia huenda kuwinda na kuvua, bila shaka utauliza: je, wanyama hawatakwisha? Hebu tuone.

Katikati ya Marekani palikuwa na uwanda wa nyasi ndefu kupita kimo cha mtu. Jembe likaugeuza kuwa mashamba ya mahindi na soya. Leo katika kila ekari 100 hazijabaki hata 4. Ndege wakakosa pa kutagia. Kumbe bunduki haikuwa adui wa pekee. Kukosa makao kuliwamaliza pia.

Ndipo majimbo yakatenga maeneo ya wanyama. Pesa zatoka wapi?

1. Leseni. Mwindaji na mvuvi hununua kibali.

2. Kodi ya vifaa. Sheria ya 1937 huweka asilimia 11 juu ya bunduki ndefu na risasi zake. Ile ya 1950 hutoza vifaa vya kuvulia samaki.

3. Stempu ya bata. Tangu 1934, mwenye kuwinda bata hununua stempu, na pesa hizo hununua vinamasi.

Huko Missouri, wananchi walipiga kura mwaka 1976 wakakubali kodi ya senti 1 kwa kila dola 8 za manunuzi, kwa ajili ya misitu, samaki na wanyama.

Siri yenyewe ni hii: jimbo likichukua pesa za leseni na kuzitumia kwa kazi nyingine, hunyimwa mgao wa ile kodi. Basi hakuna anayethubutu kuzigusa ovyo.

Kuna na masharti. Msimu ukifungwa, umefungwa. Idadi ya siku ikitimia, unarudi nyumbani. Samaki asiyefikia kipimo anarudishwa majini. Na tangu 1991 bata hawapigwi kwa marisau ya madini ya risasi, maana ndege huyameza wakafa kwa sumu.

Hatusemi mtu achukue upinde, la! Lakini wavuvi wetu wanajua kisa cha Ziwa Naivasha, lililofungwa mwaka 2001 samaki walipopungua. Ziwa lisipopumzishwa kwa hiari, litapumzika kwa lazima, na watoto walale njaa. Kwa hivyo kwenye mkutano wa ufuo, msiulize tu leseni ni shilingi ngapi. Ulizeni pia: pesa hizo zikilipwa, zinarudi ziwani?